Rafu ya Miji Isiyokuwapo

Maktaba ya chuo, Wete, ghorofa ya pili,
mkono wa kushoto ukishapita choo kibovu:
hapo nilipewa kazi ya kugawa dunia.
"Bi Salhina," alisema mkuu wa maktaba,
"njozi zikae huku, majinamizi kule,
na Ijumaa kila kimoja kiwe na namba mgongoni."

Mia tatu na kumi na viwili. Nimevihesabu mara mbili.
Vimekuja kwa makasha, wasia wa Profesa Zuwena,
aliyevisoma vyote na kuvitilia makonyo
visiliwe na mende,
na pembeni mwa kurasa, kwa penseli iliyochongwa vyema,
akauliza swali lile lile kitabu baada ya kitabu:
*Nani anapika?*

Siku ya kwanza kazi ilikuwa nyepesi.
Mji wa bustani, watu hawagombani: kulia.
Mji wa ukuta, hata kikohozi kina kibali: kushoto.
Siku ya pili nikaufungua ule wa bustani, katikati.
Kumbe mna kengele. Ikilia, wote wanalala.
Ikilia tena, wote wanaamka wanatabasamu.
Nikakihamisha.
Nikafungua cha ukuta: mtu na mkewe
wamejibanza chini ya ngazi,
wanagawana chungwa, pande kwa pande,
na katika miji yote ya kulia sijaona
chungwa lililoliwa kwa raha ile.
Nikakihamisha nacho.
Hata Alhamisi nilikuwa naranda baina ya rafu mbili
kama mtu anayehama nyumba
na hajui anatoka ipi.

Tena profesa alisema kweli.
Kule kulia chakula huwa mezani tu.
Hakuna moshi, hakuna macho mekundu,
hakuna aliyeamka saa kumi za usiku kukuna nazi.

Faki Shaame, mwaka wa pili, ualimu,
akaniuliza kama kimo hata kimoja
alichokiandika mtu wa kwetu.
Nikainua makasha, nikayakung'uta.
Makonyo.
"Rudi kesho," nikamwambia.

Usiku ule nikainama chini ya kitanda,
fleti ya Mtemani, ile ambayo baba
alikabidhiwa ufunguo wake zama za foleni ya unga.
Alikuwa akiwashikia wapimaji mnyororo.
Ndani ya bomba la bati, ramani yake ingalimo:
majengo, majengo, mpaka karatasi imekwisha,
na yaliyosimama nayahesabu kwa vidole.
Lifti imechorwa, ndani yake mwanamke na kapu.
Chemchemi, maji yanaruka kwa wino wa buluu,
na mimi jioni ile nimepandisha ndoo nne.
Kando, mwandiko wa baba, herufi za ngumbaru:
*Hapa pana kisima cha kale. Kisifukiwe.*

Kilifukiwa.

Jiko nalo limo, kijumba cha mraba
kisichozidi ukucha wa kidole gumba.
Nikachukua penseli. Nikaandika humo, pole pole,
*Bi Mkasi binti Ussi, miaka thelathini na minane,*
nikaikunja.

Ijumaa mkuu wa maktaba akaitazama kwa mbali,
kama mtu anayetazama bili ya umeme.
"Hii ni njozi au jinamizi?"
Nikamwambia ni kwetu, nimeacha chai motoni.
Hakucheka. Alitaka namba.

Faki akaja saa nne.
Haiazimwi, nikamwambia, isomewe papa hapa.
Akavua viatu, akapiga magoti, akaitandika sakafuni.
Nafasi haikutosha.
Pembe moja ikaingia chini ya rafu ya kulia,
pembe nyingine chini ya ile ya kushoto,
naye akawa anatambaa juu ya mji, kidole mbele,
anatafuta kisima.